Vitufe 88 vya Ghorofa ya Tatu

MWALIMU: Mtoto wenu anajifunza kwangu tangu mwaka jana, na mpaka leo mazoezi ya nyumbani anayafanyia juu ya meza ya chakula. Amechora vitufe kwenye karatasi ya manila, akaibandika kwa gundi. Nampongeza kwa bidii, ila karatasi haitoi sauti, kwa hiyo hajui amekosea wapi. Jumamosi akija kwangu, nusu ya kipindi inaishia kuondoa makosa aliyoyazoea wiki nzima. Mnanilipa ili nimrudishe alipokuwa. Mnunulieni piano.

BABA: Piano ipi, Mwalimu? Nimezunguka Kariakoo, nimepekua mitandao, nimerudi na kizunguzungu. Kuna kinanda cha vitufe 61 ambacho naweza kukilipia leo hii. Kuna piano ya umeme ya vitufe 88, hiyo ni ya kujibana miezi kadhaa. Halafu kuna ya nyuzi, ile yenyewe, ambayo kwa bei yake mtu anapata kiwanja Chanika. Na huyu mtoto mwaka juzi alitaka karate. Tukamnunulia sare na mkanda, akaenda mara nne.

MAMA: Karate uliitaka wewe.

Mchecheto wa Baba una tarakimu nyuma yake. Yamaha P-145, piano ya umeme ya daraja la kuanzia iliyotoka 2023, iliingia soko la Marekani kwa dola 500 hivi. U1 ya kampuni hiyohiyo, piano ya nyuzi ya kusimama ambayo utaikuta katika shule nyingi za muziki duniani, ikiwa mpya inavuka dola 10,000 hukohuko Marekani, kabla ya meli, ushuru na VAT ya Tanzania ya asilimia 18. Wanaobishana hapa hawajakubaliana hata kama pengo hilo lina haja ya kuvukwa.

MJOMBA: Shemeji, unajitesa bure. Chukua kinanda. Mimi nimejifunzia kinanda cha kwaya, vitufe 61, na mpaka leo napiga misa mbili kila Jumapili, Jumamosi harusi. Waulize wapiga vinanda wa parokia za Dar ni wangapi waliowahi kumiliki piano ya nyuzi. Tulisoma sofa, do re mi, tukasimama nyuma ya mwalimu wa kwaya tukiangalia vidole vyake. Kinanda kina midundo, kina filimbi, kina gitaa. Mtoto anakipenda siku hiyohiyo. Akiacha, tunakipeleka kanisani na hakuna aliyepata hasara.

MWALIMU: Kaka, unapiga vizuri, nimekusikia. Sasa niambie, wimbo ukiwa kwenye E fleti unafanyaje?

MJOMBA: Nabonyeza kile kitufe cha kupandisha ufunguo, naendelea kupiga C.

MWALIMU: Ndicho ninachokiogopa. Mashine inahama, vidole vinabaki palepale. Mlee mtoto hivyo miaka mitatu, halafu mkalishe mbele ya piano isiyo na kitufe hicho uone vitufe vyeusi vitakavyomkimbiza. Lakini hiyo ni tabia, naweza kuikataza. Kubwa zaidi ni mkono. Chukua Yamaha PSR-F52, ya bei nafuu: vitufe vyake havitambui nguvu ya kidole. Uguse kwa upole, ugonge kwa hasira, sauti ni ileile. Nimfundisheje mtoto kupiga kwa upole kwenye chombo kisichojua upole?

MJOMBA: Mnavidharau vitufe 61, nami nashangaa. Mozart alikuwa na piano iliyoundwa na Anton Walter wa Vienna. Ilikuwa na oktavu tano. Hesabuni: vitufe 61, na vyepesi kuliko vya piano za leo. Kama vilimtosha Mozart, mtoto wa Upanga ni nani avikatae?

Hoja hiyo ilimnyamazisha Mwalimu kidogo, maana ni ya kweli. Piano hiyo ya Walter ipo Salzburg hadi leo. Hivi vitufe 88 vinavyotajwa madukani kama sheria ya dini, 52 vyeupe na 36 vyeusi, vilikuja kuwa kawaida mwishoni mwa karne ya 19. Bartolomeo Cristofori, aliyeunda piano ya kwanza mjini Florence mnamo 1700 hivi, hakufika huko hata kidogo: kati ya piano zake 3 zilizobaki, hakuna inayofikisha vitufe 55.

MWALIMU: Haya, ya Mozart ilikuwa na 61. Lakini kila kimoja kiliendesha nyundo, na nyundo ilitii kidole. Idadi sina ugomvi nayo. Mtoto wa gredi ya kwanza hafiki hata nusu ya kinanda. Ninachodai ni uzito na utii.

MAMA: Vinanda vinavyotambua nguvu vipo, Mwalimu, nimesoma. Casio CT-S200 haitambui. CT-S300, ambayo kwa sura ni pacha wake, inatambua. Muuzaji asipokwambia, unabeba ile isiyotambua ukidhani umepata. Kwa nini tusichukue hiyo ya pili tukasonga mbele?

MWALIMU: Kwa mwaka wa kwanza ningekubali, shingo upande. Vitufe vyake vinarudishwa na springi, ni vyepesi mno. Mtoto anazoea wepesi huo, akija kwangu vidole vinazama nusu, noti nyingine hazisikiki kabisa. Anadhani amekosea noti, kumbe hajaibonyeza ya kutosha. Machozi ya Jumamosi mengi yanatoka hapo.

FUNDI: Naomba niingie kwenye huo uzito, maana watu wanauimba bila kuupima. Kitufe cha katikati cha piano iliyowekwa sawa kinashuka kwa gramu 50 hivi. Kanyaga pedali ya kulia, kisha rundika sarafu za shilingi 500 kwenye ncha ya kitufe, moja moja. Zikifika tano au sita kitaanza kuzama chenyewe, taratibu. Kikizama kwa mbili, kuna kitu kimelegea ndani. Kikingoja kumi, kuna kilichovimba. Jaribio hilo halina gharama.

BABA: Muuzaji akiniona narundika sarafu juu ya bidhaa yake ataniita mganga wa kienyeji.

FUNDI: Akuite, mzee. Ila mimi nilikuwa nazungumzia ya nyuzi. Hizi za umeme nazo siku hizi zina vitufe vizito. P-145, Roland FP-10, Casio PX-S1100, zote zina mitambo ya nyundo ndani, na upande wa kushoto ni mzito kuliko wa kulia, kama inavyotakiwa. Sizidharau. Lakini zinaiga kitu, na mimi nakula kwa hicho kitu kinachoigwa. Mtoto akigonga noti ya katikati kwenye piano ya nyuzi, nyuzi tatu zinatikisika pamoja, ubao wa nyuma unatikisika, akikanyaga pedali nyuzi nyingine zinaitikia bila kuguswa. Anaisikia sauti tumboni. Spika mbili ndogo hazimpi hilo.

BABA: Na anayekipandisha hicho kitu ghorofa ya tatu ni nani? U1 ina kilo 228. Lifti ya jengo letu tumeshaizika. P-145 ina kilo 11, naiweka begani mwenyewe.

FUNDI: Watu sita, mikanda, na kona za ngazi zipimwe kwanza. Kimo chake ni sentimita 121, upana mita moja na nusu. Upanga pameshapandishwa piano, na zitapandishwa nyingine.

MAMA: Mimi siogopi ngazi, naogopa hewa. Mwezi wa nne nguo zinaota ukungu kabatini. Hiyo mbao itapona vipi?

Kwa mtu wa pwani swali la Mama ndilo zito kuliko yote, na ndilo ambalo miongozo ya ununuzi iliyoandikwa Ulaya huligusa kwa mstari mmoja. Mafundi wa huko hupendekeza unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 40 na 60. Dar es Salaam, asubuhi za masika, unapita 80. Ndani ya piano ya kusimama kuna nyuzi za feleji 230 hivi ambazo kwa pamoja zinaivuta fremu ya chuma kwa nguvu inayokaribia tani 18. Nyuma yake kuna ubao mwembamba wa mbao laini unaokuza sauti, na mbele yake maelfu ya vipande vidogo vya mbao, sufu na ngozi vilivyochongwa kwa vipimo vya chini ya milimita. Mbao ikinywa unyevu, kitufe kinakwama. Ubao wa sauti nao unafura, unazisukuma nyuzi, na piano nzima inapanda sauti. Hewa ikikauka, inashuka. Chumvi ya bahari inamalizia kazi kwa kutu.

FUNDI: Yote hayo kweli, nisikatae. Ndiyo maana viwanda vya Uingereza viliwahi kutengeneza piano maalumu za nchi za joto, viungo vikafungwa kwa skrubu badala ya kuachiwa gundi peke yake. Na wazee wa pwani walikuwa na dawa yao: balbu ndogo ya mtindo wa zamani, ile inayotoa joto, ndani ya kabati la chini la piano, inawaka mchana na usiku. Leo kuna fito za umeme za kupasha joto. Dampp-Chaser ya Marekani iko kwenye biashara hiyo tangu 1947. Lakini nikwambieni kinachoziua piano za Dar kwa haraka: kiyoyozi. Mnawasha saa moja jioni, mnazima saa nne. Mbao inakaushwa na kuloweshwa kila siku ya Mungu. Afadhali chumba kisicho na kiyoyozi kabisa, piano iegemee ukuta wa ndani, mbali na dirisha.

BABA: Kwa hiyo nilipe fedha zote hizo, nizime kiyoyozi sebuleni, kisha niwashe balbu ndani ya piano. Na wewe utakuja mara ngapi?

FUNDI: Kutyuni ni mara mbili kwa mwaka, kwa uchache. Ikiwa mpya au imetoka safarini, mwaka wa kwanza mara tatu, nne.

BABA: Dar mko wangapi mnaofanya kazi hiyo?

FUNDI: Tunafahamiana wote kwa majina.

BABA: Basi siku ukihamia Arusha, mimi nimebaki na kabati.

MWALIMU: Hapo niko na Baba, Fundi unisamehe. Nimeingia nyumba nyingi zenye piano za nyuzi ambazo mtu hajazigusa kwa ufunguo wa kutyuni tangu zishushwe kwenye gari. A inayotakiwa kuwa hezi 440 unaikuta 425. Hapo imeshuka zaidi ya nusu ya nusutoni, haiko A wala haijafika A fleti. Mtoto anaimba sofa kwaya, anarudi nyumbani piano inamwambia kitu kingine, na sikio ni la miaka minane. Kati ya piano ya nyuzi iliyotelekezwa na ya umeme isiyoshuka, nampa ya umeme bila kufikiri mara mbili.

FUNDI: Mwalimu, ya umeme haishuki, inakufa. Chini ya kila kitufe kuna kipande cha mpira kinachogusa sakiti. Vumbi na chumvi vikipenya, noti moja inapiga kwa kishindo, ya jirani yake inanyamaza. Bodi ikiungua unaagiza, na miaka ikipita kiwanda kinaacha kutoa vipuri vya toleo hilo. U1 za miaka ya 1970 zinanunuliwa leo na watu wenye akili zao. Nitajieni piano ya umeme ya 1990 ambayo mtu ataitolea hela ya maana.

Hapa Baba angeweza kujibu kwamba mtoto wa miaka minane hahitaji chombo cha miaka hamsini. Hakujibu hivyo. Aliyatega masikio kwenye neno moja, 1970.

BABA: Hizo za 1970 ndizo nilizoziona kwenye tangazo. Mtumba wa Japani, iko kwenye ghala Temeke. Bei yake si ya mpya.

FUNDI: Basi inunue kama unavyonunua gari la Japani: soma namba, usisome rangi. Wajapani walitengeneza piano nyingi mno miaka ya 1970 hadi kuingia ya 1980. Watoto wakakua, wakahama, wazee wakabaki na piano isiyopigwa. Ndizo zinazosambaa duniani. Inua mfuniko wa juu, utaona namba kwenye fremu; ukiwa na namba, mwaka unapatikana. Kisha tazama pini. Ziko zaidi ya 200, zimepigiliwa kwenye ubao mgumu, na kila moja imeshika uzi. Ubao huo ukichoka, natyuni asubuhi, jioni imelegea. Piano hiyo usiichukue hata kwa bei ya kuni.

BABA: Nitajuaje?

FUNDI: Utanilipa nauli nije na funguo zangu. Ila kuna unayoweza kuyaona mwenyewe. Piga vitufe vyote 88, kimoja kimoja, kutoka kushoto hadi kulia, vyeusi usiviruke. Watu hukaa wakapiga wimbo mmoja wanaoupenda, na wimbo unaficha vitufe usivyovihitaji. Washa tochi, chungulia chini na nyuma: unga wa mchwa, mavi ya panya. Panya anaipenda ile sufu ya nyundo, anafanyia kiota. Nyuzi nene za kushoto zikiwa na kutu ya kijani, gonga moja. Ikitoa sauti ya debe, zote zimekwisha.

MAMA: Nasikia Yamaha wenyewe wanawakataza watu kununua hizo za Japani.

FUNDI: Yamaha ya Marekani imewaonya wanunuzi wa kule kwamba mbao za piano za soko la Japani hazikuandaliwa kwa nyumba kavu zenye kupashwa joto. Onyo ni la kweli, na ni la kibiashara pia, kwani kila anayenunua mtumba hanunui mpya. Kwa hewa ya Dar halinitishi. Ungekuwa unakaa Dodoma ningekwambia subiri.

MAMA: Na ya bure? Oysterbay kuna familia inahama, wana piano ya Kiingereza ya zamani. Wanasema mwenye kuibeba aibebe.

FUNDI: Niliitwa kuiangalia, mama. Pini zimelegea, na hilo peke yake lingetosha. Halafu vitufe vyake ni pembe ya ndovu.

BABA: Si ndiyo thamani hiyo?

FUNDI: Ndiyo kesi hiyo, mzee. Kila kitufe cheupe kina vipande viwili vilivyounganishwa, mstari wake mwembamba uko pale vitufe vyeusi vinapoanzia. Ukiinama kwenye mwanga unaona nyuzinyuzi ndani yake. Plastiki haina hivyo. Biashara ya pembe kimataifa ilipigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES mwaka 1989. Hapa kwetu, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, huwezi kukaa na nyara bila kibali ukasema ulidhani ni piano. Sijasema haina njia ya kuhalalishwa. Nasema kabla hujaita vijana wa kubeba, nenda kwanza kwa watu wa wanyamapori ukaulize, na mwenye nayo akupe karatasi zake. Akikosa karatasi, mwachie.

MJOMBA: Na pembe yenyewe huenda ilitoka hukuhuku. Karne ya 19 misafara ilitoka Ujiji na ng'ambo ya ziwa, ikapita Tabora, ikashuka Bagamoyo, mzigo ukavushwa Zanzibar. Tippu Tip alipata utajiri wake humo. Wamarekani walikuwa na mawakala wao Zanzibar, wananunua pembe za kupeleka Connecticut, ambako vijiji vya Deep River na Ivoryton viliishi kwa kukata vitufe vya piano. London nayo ilikuwa soko kubwa. Wazee wetu waliibeba mabegani mpaka baharini, wengine kwa minyororo. Leo imerudi, na dada yangu anatafuta wa kuibeba kuipandisha ghorofa ya tatu.

MAMA: Basi kaka, yaishe. Hiyo tumeiacha.

FUNDI: Lakini msiikimbie ya nyuzi kwa sababu hiyo. Za Japani za miaka hiyo zina plastiki. Na kuna jambo hamjaligusa hapa: umeme. Mgao wa 2023 mmeusahau mapema. Saa ya mazoezi ikifika na luku imekata, ya nyuzi inapigwa kwa mshumaa.

BABA: Hilo nimelifanyia kazi. Adapta ya P-145 ni ya volti 12. Betri yetu ya sola inaiendesha kwa kifaa kidogo tu. PX-S1100 inakubali betri sita ndogo za rimoti na kwenda saa kama nne. Mtoto huyu atapiga nusu saa. Tena kuna hedifoni. Jirani wa ukutani anaingia zamu ya usiku, analala mchana. Ukimletea U1 ataandika barua kwa mwenye nyumba.

MWALIMU: Hedifoni ni baraka na ni mtego. Mtoto akiachiwa hedifoni tu, nyumbani hakuna anayemsikia, na mtoto asiyesikika hasifiwi. Mwekeeni siku za kupiga kwa spika. Na mkisema ya umeme, hesabuni vizuri. Bei ya dukani ni ya ubao wa vitufe peke yake. P-145 inakuja na kipedali kidogo kinachoteleza kwenye vigae kila kikikanyagwa. Stendi ya miguu ya X inayumba mtoto akipiga kwa nguvu. Tafuteni ya mbao au ya chuma iliyosimama wima. Na kiti. Nimeona piano za fedha nyingi mbele yake kiti cha plastiki, mtoto viwiko viko chini ya vitufe, miguu inaning'inia. Viwiko viwe usawa wa vitufe, miguu ikanyage kitu, hata kibao.

MAMA: Na mitihani? Isije ikawa tunanunua ya umeme halafu wanamkataa.

MWALIMU: ABRSM, hao Waingereza ambao watoto wetu wengi hufanya mitihani yao, wanaikubali ya umeme mradi vitufe viwe vya ukubwa kamili na vizito, na pedali iwepo. Tangu 2020 wana hata mitihani ya kupiga na kujirekodi kwa video. Kinanda cha Mjomba ndicho kitakachokataliwa.

MJOMBA: Kila mtu anazungumza kama chombo ndicho kinachopiga. Tarehe 24 Januari 1975, mpiga piano Keith Jarrett alifika ukumbi wa opera wa Köln, Ujerumani, akakuta wamemwekea piano isiyo yenyewe. Ndogo, imeshuka, sauti za juu kama bati, za chini hafifu, pedali mbovu. Alitaka kuondoka. Aliyeandaa onyesho, binti wa miaka 18, Vera Brandes, akambembeleza. Akapiga. Akakwepa pale penye ubovu, akashikilia katikati. Rekodi ya usiku ule imeuza mamilioni ya nakala.

MWALIMU: Naifahamu. Jarrett alijua piano nzuri inasikikaje, ndiyo maana alijua cha kukwepa. Alikuwa anakaribia miaka 30 na ameshapiga na Miles Davis. Wewe unataka mtoto aanze na ubovu akiwa hana cha kuulinganisha nao.

MJOMBA: Mimi nilianza hivyo.

MWALIMU: Na ulipokuja kukaa kwenye piano yangu mwezi uliopita ulisema vidole vinauma.

Mjomba hakulikana hilo. Alisema tu kwamba vidole vilipona.

MAMA: Nami nina yangu. Mnazungumza habari za mtoto mmoja kana kwamba ndani ya nyumba yuko peke yake. Mwaka 1910 akina Gershwin wa New York walinunua piano, ikapandishwa kwa kamba mpaka dirishani, kwa ajili ya mwana mkubwa, Ira. Aliyeikalia ni mdogo wake George, aliyekuwa akizurura mitaani. Ira akaishia kuandika maneno, George akatunga muziki. Sisi tuna wa miaka minane anayechora vitufe kwenye manila, na tuna wa miaka minne anayekaa chini ya meza akiimba noti ambazo dada yake hazipigi. Chombo kikiwa ndani, hatujui atakayekishika. Kikiwa kinanda cha kuchezea, wataking'ang'ania wiki mbili kwa ajili ya midundo.

BABA: Mke wangu, hiyo ni sababu ya kununua kitu kisichovunjika, si sababu ya kununua kitu ghali. Mimi nina pendekezo. Afanye gredi ya kwanza kwanza. Akipita, nanunua, na nitanunua ya maana.

MWALIMU: Kwa mazoezi ya wapi?

BABA: Kanisani kuna piano. Amlipe mlinzi kidogo, aende jioni.

MWALIMU: Dakika ishirini za mazoezi, na saa nzima ya daladala kwenda na kurudi, siku za shule, mvua za masika. Ataenda Jumatatu na Jumanne. Mwezi wa pili utaniambia unaona, nilisema, ni karate tena. Unampa mtihani ambao umeshauficha nusu, Baba.

BABA: Na wewe unaniambia nitoe fedha kwa ahadi ya mtoto wa miaka minane. Ukiacha kumfundisha je? Akichukia je? Piano ya umeme iliyotumika miaka miwili nitaiuza kwa hasara. Ya nyuzi sitaiuza kabisa, nitakuwa naifuta vumbi.

FUNDI: Ya nyuzi iliyotunzwa itauzika, mzee. Nina watu wananipigia simu kila mwezi wanatafuta.

BABA: Unao watu wananunua, au unao watu wanauliza?

FUNDI: Wanaouliza ni wengi.

MAMA: Tusifike usiku na maneno. Jumamosi baada ya kipindi, Mwalimu, ukipata nafasi, tuongozane na mtoto mpaka dukani akazijaribu hizo za vitufe vizito, zote tatu, kwa mikono yake. Kutoka hapo tupitie ghala la Temeke, Fundi atukute na funguo zake.

MWALIMU: Nitakuja, kwa sharti moja. Muuzaji asiambiwe bajeti kabla mtoto hajakaa.

FUNDI: Nami ghala lifunguliwe na feni izimwe. Nataka kuisikia ikiwa peke yake.

MJOMBA: Nitakuwepo. Nitauliza kama zina midundo.

BABA: Mimi nakuja na sarafu za mia tano. Hela nyingine zinabaki nyumbani.